Tupeane uzoefu: Signing Off ya UB40 ilikukuta wapi?

#1
Wakuu habari za jioni. Juzi nimeirudia Signing Off, ile albamu ya 1980 ya bendi ya reggae ya UB40, mwanzo mwisho. Wengi tunawajua UB40 kwa wimbo wa Red Red Wine, kumbe hawa vijana wa Birmingham walianza wakiwa hawana kazi, na jina lenyewe ni la fomu ya serikali ya Uingereza ya posho ya wasio na ajira, na kava la albamu ni fomu ile ile. Miaka yote nilidhani ni urembo tu. Mpaka nimemaliza chuo, nazunguka mjini na bahasha ya kaki, ofisi moja wananiambia acha barua kwa mlinzi, narudi geto nagugo nakuta kumbe "signing off" ni kufutwa jina kwenye orodha ya wanaopokea ile posho kwa sababu umepata kazi. Aisee nilikaa kimya muda mrefu. Haya tupeane, wewe ilikukuta wapi?

#2
Kanda ya mzee. Alikuwa anairudisha nyuma kwa peni ili betri zisiishe. Wimbo wa Food for Thought tuliucheza sana sebuleni kwa ajili ya lile saksafoni la Brian Travers (apumzike kwa amani), Kiingereza hatujui, nimekuja kuelewa maneno nikiwa mtu mzima, kumbe ni watu wanakufa njaa huku wengine wanasherehekea Krismasi. Siku hizi ukipigwa siwezi kucheza.

#3
Kwangu ni ule wimbo wa Tyler. Gary Tyler, kijana mweusi wa Louisiana, alihukumiwa kifo 1975 akiwa na miaka 17 tu, baadaye ikawa kifungo cha maisha, na hawa jamaa wakafungulia albamu kwa jina lake. Katoka 2016! Miaka 41 ndani. Siku ile niliuweka huo wimbo usiku kucha, nalia kama msiba wa nyumbani.

#4
Mimi narekodi madogo wa mtaani, studio ni chumba changu cha kulala, magodoro ukutani, na nilikuwa naona aibu kweli kuwaita watu. Niliposoma kwamba albamu hii ilirekodiwa nyumbani kwa prodyuza Bob Lamb, ngoma nyingine wakapigia bustanini mpaka ndege wanasikika, na bado ikafika namba 2 Uingereza, ile aibu ikaisha. Jogoo wa jirani akiingia kwenye rekodi, simfuti.