Krete kwa siku moja: Lato, Karfi au Anogeia?

Mkazi_wa_Leicester:
Wakuu, mwezi wa tano tunakwenda Krete, kisiwa cha Ugiriki, na familia, tutafikia Hersonissos, pwani ya kaskazini. Tunaye mama mkwe, na magoti humsumbua. Siku moja tumeitenga kwa vijiji vya milimani na magofu, gari tutakodi. Nimebaki na njia tatu: kijiji cha Kritsa na magofu ya Lato, uwanda wa Lasithi, pango la Psychro na magofu ya Karfi, au kijiji cha Anogeia, magofu ya Zominthos na pango la mlima Ida. Mliofika, mnaniambiaje?

FundiMawe:
Lato, mkuu. Hayo ndiyo magofu yanayokuonyesha mji mzima ulivyoishi. Unaingia kwa lango lenyewe la mji, kisha njia ya ngazi inapanda, pembeni yake vyumba vya maduka na karakana. Juu kuna uwanja wa mikutano, na katikati yake birika kubwa la kukingia mvua. Nyumba nyingi nazo zilikuwa na mabirika yake, maana mji umekaa juu, kati ya vilima viwili. Ukifika juu ya ngazi pana, zile walizokalia watu wakati wa mikutano, geuka nyuma: ghuba ya Mirabello yote iko chini yako.

Ni mji wa Wagiriki wa Kidori. Nearkhos, aliyeongoza merikebu za Aleksanda Mkuu kutoka mto Indus hadi Ghuba ya Uajemi mwaka 325 KK, anatajwa kuwa mzaliwa wa hapo. Mtu wa mlimani akawa nahodha! Kutoka Kritsa ni kilomita chache tu.

MpandaMlima_Moshi:
FundiMawe umesema vizuri, ila Karfi ina uzito wake. Wakati dola za kale za upande ule wa Mediterania zilipokuwa zinaanguka, karibu na 1200 KK, pwani haikukalika. Watu wakapanda na watoto wao hadi kwenye kilele chenye upepo, kama mita 1,100, wakajenga kijiji. John Pendlebury, mwanaakiolojia Mwingereza, alichimba hapo kati ya 1937 na 1939. Sanamu za udongo za miungu ya kike walioinua mikono ziko makumbusho ya Heraklion. Kuta zilizobaki ni fupi, lakini ukisimama pale unaelewa hofu iliyowapandisha.

Kwa mama mkwe hapana, nasema wazi. Karfi ni kutembea kwa miguu kwenye mawe, na pango la Psychro, linalosimuliwa kuwa Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, alizaliwa humo, ni kushuka ngazi nyingi zenye unyevu. Uwanda wenyewe ataufurahia: tambarare ya mashamba kwenye mita 840 hivi, imezungukwa na milima pande zote.

BintiLamu:
Mimi nawasemea Anogeia, na si kwa ajili ya magofu ya kale. Agosti 1944 jeshi la Ujerumani lilikibomoa kijiji kile nyumba kwa nyumba, kwa sababu watu wake waliwasaidia waliomteka Kreipe, jenerali wa Kijerumani. Amri ilikuwa kila mwanamume atakayekutwa kijijini auawe. Nyumba mnazoziona leo zilijengwa upya baada ya hapo. Wazee mtakaowakuta barazani, wasalimuni kwanza kabla ya kutoa kamera.

Zominthos, juu zaidi, ni jengo la Waminoa, watu wa kale wa Krete, kwenye mita 1,187, na tangu 2025 limo katika urithi wa dunia wa UNESCO pamoja na jumba la kale la Knossos. Hakikisheni kwanza kama pamefunguliwa.

Chakula: wana nyama ya kondoo ya kuchomwa, vipande vikipangwa kuuzunguka moto, chumvi tu. Wenzangu Waislamu, uchinjaji ulizeni. Mimi hushika dakos, mkate mkavu wa shayiri wenye nyanya na jibini.

Mkazi_wa_Leicester:
Dada BintiLamu umenigusa. Je, Anogeia asubuhi na Lato jioni?

FundiMawe:
Usifanye hivyo. Anogeia iko magharibi yako, Lato mashariki, na barabara za mlimani ni kona tupu. Nawe umezoea kuendesha kushoto, kule ni kulia. Mama atachoka garini.

BintiLamu:
Kwa magoti ya mama, nenda Lato, Anogeia ingoje safari nyingine. Anzeni na Panagia Kera, kanisa dogo kabla ya Kritsa, lenye picha za ukutani za karne ya 13 na 14. Hapo hana pa kupanda. Kisha Lato kabla jua halijawa kali. Yeye aishie chini, penye lango, mtu mmoja abaki naye, wengine wapande. Chakula cha mchana Kritsa. Na maji ya kunywa chukueni ya kutosha mkiwa bado kijijini.

Mkazi_wa_Leicester:
Nimekubali, Lato. Mama mkwe ameshauliza kama kanisani humo anaruhusiwa kusali.