Naomba ushauri: GPA imeshuka chini ya 3.0, nasoma masta Marekani

Wakuu, habari zenu. Nasoma masta ya takwimu Marekani kwa viza ya mwanafunzi, yaani F-1. Muhula wa kwanza nimepata B+, B na C, GPA (wastani wa alama, huku A ni 4.0) 2.77. Chuo kinataka isishuke chini ya 3.0, hivyo nimepewa barua ya uangalizi: muhula mmoja wa kujirekebisha, nikishindwa naondolewa.

Nimepiga hesabu usiku kucha. Muhula huu nina kozi tatu tena, zenye uzito uleule. Nikipata B+ zote tatu nafika 3.03. Moja ikiwa B tu, naishia 2.98. Sina pa kuteleza kabisa.

Ile C ni ya nadharia ya uwezekano. Sikumfuata profesa hata siku moja kwenye saa zake za ofisi, alizotenga kwa maswali ya wanafunzi, kwa sababu nilikotoka mhadhiri humwendei hivihivi. Najuta sana.

Nilifikiria kupunguza kozi moja, lakini F-1 inadai mzigo kamili wa kozi. Ukipunguza bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, umevunja masharti ya viza.

Waliowahi kupita hapa: mliirudia kozi iliyowaangusha, au mlichukua nyepesi kwanza kuinua wastani? Na profesa yuleyule ninamwendeaje sasa, nianze na maneno gani? Baba mdogo ndiye anayenilipia ada, bado sijamwambia. Nimwambie sasa au nisubiri matokeo?