Mjadala: Raningibeki mwenye namba arudishe na mateke, au kazi hiyo wagombanie wa benchi?

Wakuu habari za muda huu. Nina jambo limenikaa rohoni toka Agosti, naomba tulijadili, hasa nyie mlioko Marekani mnaofuatilia futiboli ya vyuo (ile ya kushika mpira mkononi, sio soka) kila Jumamosi.

Swali ni hili. Kwenye timu ya chuo, yule raningibeki anayeanza apewe pia kazi ya kurudisha mateke, au kazi hiyo wagombanie wale walioko nyuma yake? Msimamo wangu nausema mapema: wagombanie walioko nyuma, na kocha asiigawe kabla hajawaona wote uwanjani.

Kwa asiyeujua huu mchezo, raningibeki ndiye anayekabidhiwa mpira mkononi akatoboe nao katikati ya ukuta wa watu. Mrudishaji yeye anasimama mbali huko peke yake, wapinzani wanapiga teke refu, anadaka, na watu 11 wanamjia mbio ka mvua ya upepo. Kipaji ni kile kile, kuona upenyo kabla haujafunguka. Sasa chuo kimoja kinaweza kuwa na maraningibeki watano au sita wanaogombea namba na mpira ni mmoja tu, kwa hiyo kwa kijana wa tatu au wa nne kwenye foleni teke ndio mlango pekee wa kuonekana.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Barry Sanders pale Oklahoma State. Mwaka 1986 na 1987 mwenye namba alikuwa Thurman Thomas, huyo alikuja kuwa mtu mzito sana NFL, ile ligi ya kulipwa, kwa hiyo Sanders alikuwa anasubiri. Ila hakukaa bure, alipewa mateke, na 1987 aliongoza nchi nzima kwa wastani wa yadi 31.6 kila akirudisha. Thomas akaondoka, Sanders akapewa namba, na 1988 akakimbia yadi 2,628 na tachidauni 37 (yaani kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani) kwa mechi 11 tu, akabeba tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Rekodi ile ya yadi haijavunjwa hadi leo, Ashton Jeanty wa Boise State alifika 2,601 mwaka 2024 akiwa amecheza mechi 14. Sasa jiulize, kocha wa Oklahoma State angempa Thomas kila kitu, tungemjua Sanders lini?

Josh Jacobs hivyo hivyo. Alabama 2018 alikuwa anagawana mpira na Damien Harris na Najee Harris, alimaliza msimu na yadi 640 tu za kukimbia, namba ya kawaida kabisa. Lakini mechi ya kwanza na Louisville alirudisha teke mpaka tachidauni, watu wakaona jamaa ana nini miguuni, na 2019 timu za NFL zilipochagua wachezaji wa vyuo akachukuliwa raundi ya kwanza, wa 24.

Najua mtaniletea Christian McCaffrey. Sawa, 2015 pale Stanford alikimbia, alidaka pasi, alirudisha mateke ya aina zote, akakusanya yadi 3,864, akampita hata huyo Sanders aliyekuwa na 3,250. Na Sanders mwenyewe 1988 aliendelea kurudisha akiwa tayari ana namba, tena alifungua msimu kwa kurudisha yadi 100. Sibishi. Ila watu wa namna hiyo wanahesabika, na huyo McCaffrey mwaka wake wa kwanza 2014 alipewa mpira wa kukimbia mara 42 tu msimu mzima, mateke ndiyo yaliyomzoesha uwanja. Alipita mlango huo huo ninaousemea.

Afu kuna suala la mwili. Raningibeki anayeanza anagongwa mara 20 na ushee kwa mechi, halafu unamtoa hapo unamsimamisha apokee watu wanaotoka mbio yadi 40. Teke la kuanzisha ni hatari mpaka sheria zimebadilishwa kwa ajili yake, 2012 lilisogezwa mbele kupigwa kutoka yadi ya 35 badala ya 30 ili mengi yavuke mwisho wa uwanja yasirudishwe, na 2018 wakaruhusu mrudishaji ainue mkono adake tu timu ianzie yadi ya 25. Vyuo vya Ivy League (vile vinane vya zamani kama Harvard na Yale) 2016 vilisogeza hadi yadi ya 40, na mitikisiko ya ubongo ikashuka kutoka karibu 11 kwa kila mateke 1,000 hadi karibu 2. Mtu unayemtegemea msimu wote unamuweka hapo kwa faida gani?

Sasa niseme kinachoniuma. Mtoto wa dada yangu, tumetoka wote Kigoma, yuko chuo kimoja huku, sikitaji. Futiboli ya huku aliikuta sekondari akiwa na miaka 15, kabla ya hapo alikuwa anajua soka tu. Aliingia timu ya chuo bila ufadhili wowote, ada tunachanga familia. Mazoezi ya Aprili alikuwa raningibeki wa tatu, na kocha akawaambia nafasi ya mrudishaji iko wazi. Dogo alishika hilo neno. Kila jioni tulikuwa tunaenda kiwanja cha shule, mimi napiga mpira juu, yeye anadaka, na hapo nilijifunza kwamba kudaka mpira ule sio mikono tu, unasoma ile ncha yake inapoanza kuinama chini, ikiinama vizuri mpira utakuvuka kwenda nyuma, isipoinama utaanguka mfupi mbele yako, na mpigaji wa mguu wa kushoto anauzungusha upande mwingine kabisa kwa hiyo unaanza kujifunza upya. Vidole vilimvimba. Alifika mahali anadaka 30 mfululizo bila kudondosha.

Agosti akaja raningibeki kahamia kutoka chuo kikubwa. Siku ya pili tu akapewa namba na mateke pia. Dogo hakujaribiwa hata teke moja mbele ya makocha. Angejaribiwa akashindwa ningemwambia mjomba wangu piga moyo konde, rudi mazoezini, lakini ataambiwa nini mtu ambaye hakuona hata mtihani wenyewe?

NYONGEZA: nimesoma majibu yenu, niwajibu wawili.

Mkuu mmoja kasema kocha anataka mikono salama, dogo akidondosha mechi imekwisha. Hoja nzito hiyo. Rose Bowl ya tarehe 1 Januari 2024, nusu fainali ya ubingwa wa vyuo, Michigan na Alabama wako 20 kwa 20 dakika ya mwisho, mrudishaji wa Michigan kadondosha mpira mbele ya goli lao wenyewe, kauwahi hapo hapo mstarini, pona yao, wakaja kushinda 27 kwa 20 muda wa nyongeza. Moyo ulinisimama. Lakini ndugu yangu, mikono salama inajulikanaje bila kujaribu? Kuwa na kasi ya raningibeki sio kuwa na mikono. Hoja yako inanisaidia mimi.

Mwingine kasema siku hizi ni hela, kocha kamlipia yule mgeni lazima amtumie. Ni kweli mambo yamegeuka. Toka 2021 wachezaji wanauza jina na sura yao, 2024 wakaruhusiwa kuhama kila mwaka bila kukaa nje, na 2025 mahakama ikapitisha vyuo vilipe wachezaji moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, ila kikosi kisizidi watu 105. Hilo la 105 ndilo linaloniogopesha kwa watoto wasio na ufadhili, maana wao ndio wa kwanza kukatwa, na mateke ndiyo yalikuwa yanawabakiza.

Ila msinielewe vibaya, sipingi uhamisho. Quinshon Judkins alihama Ole Miss akamkuta TreVeyon Henderson Ohio State, wakagawana, kila mmoja akapita yadi 1,000 na wakachukua ubingwa Januari 2025. Mgeni apewe mpira, ana haki yake. Kugawana ndiko ninakokutaka mimi, sio mtu mmoja kulimbikiziwa kazi zote halafu wanne wakae na maji mkononi. Na wa kusubiri wapo pia, Jeanty alimkuta George Holani Boise State mwaka 2022 akasubiri zamu, lakini alikuwa anapewa mpira. Kusubiri unacheza na kusubiri unatazama ni vitu viwili tofauti kabisa.

Dogo kaamua anabaki mpaka mazoezi ya Aprili ijayo, mama yake anataka ahamie chuo kidogo zaidi akacheze, na mimi nimegawanyika. Wenye watoto au wadogo zenu kwenye hizi timu, nyie mlifanyaje? Mlienda kuongea na kocha au mlimwacha kijana aongee mwenyewe? Maana dada anataka nimpigie simu kocha wiki hii, na dogo kanikataza.