Chupi na boksa zimelegea: lastiki mpya, lastiki ya kukomboa, au kamba?

Mama_Nguba
Habari za Bukavu. Niko na chupi sita za pamba na boksa tatu za watoto. Kitambaa bado kizima, lastiki ndiyo imelegea. Mashini ni ya mguu, inashona mshono wa moja kwa moja tu, haina zigizaga (mshono wa meno ya msumeno). Naona njia tatu: kununua lastiki mpya sokoni Kadutu, kukomboa ile ya boksa kuukuu za baba yao, au kutia kamba. Ipi inadumu? Na wengine wanasema ukiimwagia maji ya moto lastiki inarudi. Ni kweli?

Fundi_Kadutu
Mama, maji ya moto yaache. Kinachojikunja ni pamba iliyo kandokando, na ukivaa siku mbili inanyooka tena. Chukua kipande kilicholegea, ukikate, uangalie ndani: utaona nyuzi za mpira zimelala sambamba. Ukivuta zikalia kri-kri, au ukizisugua zikamomonyoka kama unga, zimeshakufa.

Kama huna uhakika, pima. Tia alama mbili kwa kalamu, sm 10 kati yake. Vuta hadi sm 20, achia. Ikirudi kwenye 10 na nusu bado ina nguvu. Ikibaki 11 au zaidi, usipoteze uzi.

Sokoni utakuta aina tatu, na wauzaji wengi wanaziita zote lastiki tu. Ya kusukwa ukiivuta inakuwa nyembamba. Hiyo ni ya kupitisha ndani ya pindo, usiishonee juu, sindano ikiitoboa inalegea. Ya kufumwa kama fulana ni laini na upana haupungui; hiyo ndiyo ya chupi. Ya tatu ni nene, ngumu, haijikunji kiunoni. Ni ya sketi na suruali. Kwa chupi tafuta upana wa mm 10 hadi 12 kiunoni na mm 6 hadi 8 miguuni.

Uzi_Mweupe
Yote sawa, lakini kaka Fundi umeruka jambo kubwa: mashini ya mama haina zigizaga. Kabla ya kuchagua lastiki, aangalie kitambaa.

Chupi ya pamba ya fulana inavutika. Tuseme kiuno chake kikilala mezani ni sm 80, na hips (pale makalio yanapopanuka) ni sm 95. Ukishona mshono wa moja kwa moja umevuta lastiki hadi 80, uzi wenyewe una urefu wa 80 tu. Siku ya kuvaa, inapita kwenye hips, uzi unakatika paa! Watu wanalaumu lastiki, kumbe ni uzi.

Kwa hiyo kwa chupi hizo kuna njia mbili. Ya kwanza, shona kwa mkono, sindano ikienda juu na chini kama meno ya msumeno, hatua ya mm 4. Inachukua muda lakini haikatiki. Ya pili, mpelekee fundi mwenye zigizaga: upana mm 3 hadi 4, urefu mm 2.5, sindano yenye ncha ya mviringo namba 75. Sindano kali ya kawaida inakata nyuzi za mpira, na baada ya kufua mara chache lastiki inaota ndevu nyeupe.

Boksa za kitenge au za popelini ni habari nyingine. Kitambaa hakivutiki, kwa hiyo tayari kimekatwa kwa upana wa hips. Hapo mashini ya mguu inatosha: kunja pindo pana kuliko lastiki kwa mm 4, acha mlango wa sm 5, pitisha lastiki kwa pini ya nepi. Ncha ya pili ifunge kwa pini nyingine, la sivyo itaingia ndani uanze upya. Ukimaliza, shona mstari mmoja wa wima kila ubavu ili isijipinde.

Mama_Nguba
Asante dada. Na urefu? Ninunue metri ngapi?

Uzi_Mweupe
Kiuno: pima uwazi wa nguo, zidisha kwa 0.85. Sm 80 inakuwa 68. Mguu: zidisha kwa 0.88, uwazi wa 54 unakuwa kama 48. Ongeza sm 1 ya kuunganisha kila duara. Jumla 69 + 49 + 49, yaani sm 167 kwa chupi moja. Sita ni metri 10 na kidogo, nunua 11: 4 na nusu za upana wa kiunoni, 6 na nusu za upana wa miguuni. Iloweke nusu saa kwenye maji ya vuguvugu na uianike kivulini kabla ya kukata, maana nyingine hupungua urefu ikilowa.

Gawa duara la lastiki na la nguo sehemu nne, pini kwa pini. Ukivuta kwa kukisia, mikunjo yote inakimbilia upande mmoja.

Muhumba_Sindano
Kwa boksa za watoto mimi nachagua kukomboa. Boksa ya mwanaume mara nyingi inachanika katikati, mkanda bado mzima. Fumua kwa wembe upande wa kitambaa, si wa lastiki: kata mshono wa tatu, wa sita, wa tisa, kisha vuta uzi wa upande wa pili. Mtoto wa kiuno sm 56, kata 52 na uongeze 2 za kupandisha. Pale pa kuungana shona kisanduku chenye msalaba ndani. Mshono mpya usipite kwenye matundu ya zamani, sogea mm 3.

Kamba kwenye chupi hapana. Fundo likilowa halifunguki, na linachora chini ya nguo. Kwa kaptula ya shule inafaa: lastiki nyuma, kamba mbele. Bora zaidi ni lastiki ya matundu na kifungo ndani. Mtoto akinenepa unasogeza tundu moja.

Fundi_Kadutu
Halafu javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, mama! Inakula lastiki kuliko kuvaa. Nguo nyeupe zioshe kwa sabuni na jua kidogo, lakini lastiki yenyewe isikae juani. Geuza ndani nje na uning'inize kwa upande wa chini, maji yasivute kiuno. Vaselini ya watoto nayo inalainisha mpira, usiipake pale lastiki inapogusa ngozi. Pasi ya makaa haina kipimo cha moto: ishie chini ya lastiki, usipite juu.

Mama_Nguba
Jumamosi nashuka Kadutu. Metri 11 ya kufumwa, na za watoto nafumua leo jioni.