Deni limezidi bei ya nyumba: niendelee kulipa, niuze kwa hasara au niwaachie benki?

Mkazi_wa_Mesa (Septemba 2010)
Wakuu, heshima kwenu. Niko Arizona, karibu na Phoenix. Nyumba nilinunua 2005 kwa dola 210,000, na bado nadaiwa 196,000. Mwaka uliofuata bei zilipopaa nikachukua mkopo wa pili juu ya nyumba hiyohiyo, dola 35,000, nikajengea Kigamboni. Leo ya jirani yangu, ramani ileile, imeuzwa 105,000.

Kazi ninayo, sijachelewa kulipa hata mwezi mmoja. Naona njia tatu: kukaza meno na kulipa, kuuza kwa bei ya soko benki ikikubali kupokea pungufu, au kuacha kulipa na kusubiri mnada. Wenzangu wawili kazini wameshaacha. Mke wangu anasema huo ni wizi. Nipeni mawazo, matusi pelekeni jukwaa la siasa.

binti_wa_Kisauni
Wifi hajakosea, kaka. Ulisaini utalipa, hukusaini utalipa bei ikipanda. Mtume amesema mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhuluma. Na Qur'ani inaposema mdaiwa angojewe, inamtetea mwenye dhiki. Wewe huna dhiki, una hasara.

Fundi_Bomba
Dada, kwa hilo tupishane. Mkataba una pande mbili: ulipe, au wachukue nyumba. Benki ndiyo iliyoleta mthamini wake, ikapanga riba ikijua kuna watakaoshindwa. Mwishoni mwa mwaka jana benki ya Morgan Stanley iliwaachia wakopeshaji majengo matano San Francisco. Januari hii kampuni za Tishman Speyer na BlackRock wakawarudishia wakopeshaji Stuyvesant Town, majengo ya fleti ya New York, waliyoinunua 2006 kwa dola bilioni 5.4. Hao waliambiwa wanajua biashara. Mbeba maboksi akifanya hivyohivyo anaitwa mwizi.

binti_wa_Kisauni
Tajiri akikosa adabu ndiyo imekuwa sunna?

Mzee_Atlanta
Mimi benki siililii. Nawalilia majirani. Mtaani kwetu nyumba zilizoachwa zilianza kwa nyasi kufika magotini, kisha wezi wa nyaya za shaba, kisha kila mthamini anayekuja anatumia bei ya mnada kukadiria nyumba za sisi tuliobaki. Ukiondoka, kuna anayelipa sehemu ya hasara yako bila kuulizwa.
Na vijana msikariri ya Arizona, kwamba benki ikichukua nyumba deni limekwisha. Hapa Georgia benki ikipeleka mnada mahakamani ukathibitishwa, inaweza kukudai kilichopungua. Kenya ndiyo usiseme, nyumba inapigwa mnada na salio linabaki shingoni.

Karani_wa_Mikopo
Mkuu, nafanya kazi kwenye eneo hili, ila mimi si wakili. Una madeni mawili, na watu hapa wanayajibu kama moja.

La kwanza: Arizona, nyumba ya familia moja au mbili kwenye kiwanja kisichozidi ekari 2.5 ikiuzwa kwa mnada wa nje ya mahakama, benki iliyouza haiwezi kukudai salio. Fundi ana hoja hapo, sheria yenyewe imeipa benki nyumba kama dhamana ya mwisho.

La pili halikununua nyumba hiyo. Mnada ukipita, mkopeshaji wa pili anaweza kukushtaki kwa dola zake zote. Na akisamehe, mamlaka ya kodi inaweza kuhesabu kilichosamehewa kama kipato chako. Sheria ya 2007 inaondoa kodi kwa deni lililonunua, kujenga au kukarabati nyumba unayoishi. Kigamboni huishi.

Kuuza kwa pungufu kunahitaji wote wawili wakubali. Usisaini mpaka barua iseme wazi kwamba salio limefutwa. "Tumeachia dhamana" peke yake haitoshi. Kuhusu kuacha tu: Fannie Mae, wanaonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa mabenki, wametangaza Juni kwamba mwenye uwezo akiondoka kwa makusudi, hawanunui mkopo wake mpya kwa miaka 7.

binti_wa_Kisauni
Basi hapo nasogea kidogo. La kwanza, mali imeanguka na benki ilikuwemo kwenye kamari hiyo. Lakini la pili, kaka, nyumba ya Kigamboni imesimama, ina bati na madirisha. Hiyo pesa haikupotea popote. Kuitumia sheria ya Arizona kulikwepa hilo, siwezi kukuitikia amina.

Fundi_Bomba
Hilo nami sina la kupinga. Ya Kigamboni si uiuze?

Mkazi_wa_Mesa
Anakaa mama. Haiuzwi. La pili nitalipa hata nikihama. La kwanza nimeamua kuwaomba wakubali kuuza kwa pungufu, wakigoma ndipo nifikirie mnada. Karani, mazungumzo yakianza niendelee kulipa kila mwezi?

Karani_wa_Mikopo
Baadhi ya benki hazikusikilizi mpaka ukose miezi miwili mitatu. Usikose hata mmoja kabla hujakaa na wakili wa Arizona, na mwonyeshe karatasi za mikopo yote miwili.