Mjadala: Je, Bustani ya Mimea ya Amani iachiwe mimea ya Usambara pekee?

Mtoa hoja:
Ndugu wachangiaji, wengi wetu tukipita Amani, juu ya Muheza, huistaajabia miti mirefu bila kujiuliza imetoka wapi. Wajerumani walianzisha pale kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, wakapanda mimea kutoka Asia, Amerika Kusini na sehemu nyingine za Afrika ili waone ipi ingewaletea faida. Ninashikilia kwamba bustani hiyo, ambayo tangu 1997 imo ndani ya hifadhi ya msitu wa Amani, isipande tena hata mche mmoja usio wa milima ya Usambara, na kila penye nafasi pakuzwe msambu na miti mingine ya hapo.

Kinachonisukuma zaidi ni musizi. Kwao ni upande wa Ziwa Viktoria, kwa hiyo tukihesabu mipaka ya nchi ni mti wetu kabisa. Lakini huko Usambara musizi ni mgeni aliyeletwa Amani mwaka 1913. Hondohondo hula matunda yake na kuzidondosha mbegu mbali msituni, na pale ukataji wa magogo ulipoingiza mwanga chini ya msitu, musizi ulikua upesi ukaishika nafasi ya miti ya asili. Ndiyo maana sikubali kipimo cha "mti wa Tanzania". Kipimo kiwe mlima wenyewe.

Mchangiaji:
Ndugu yangu, unasahau historia. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli za Waingereza zilipoufunga mwambao, Wajerumani walitengeneza dawa ya malaria Amani kwa magamba ya mikwinini iliyopandwa huko. Kumbukumbu hiyo tuifyeke? Na wanavijiji wanaopata kuni na mbao kutokana na musizi, umewafikiria?

Mtoa hoja:
Ninakushukuru kwa swali, ila sikusema tufyeke. Mti wa kigeni usiojisambaza ubaki na kibao chake mpaka uanguke wenyewe. Musizi nao upunguzwe kidogo kidogo, na kuni na mbao zake ziwe za wanavijiji hao hao, kwa kuwa tukiikata yote kwa mara moja tutaufungulia mwanga ule ule unaoipendelea miche yake.

Ninachohofia ni nafasi inayopotea. Ua la Usambara, lililopewa jina la kisayansi mwaka 1893, leo hukuzwa madirishani Ulaya na Marekani, ilhali ndugu zake wa porini wamebaki kwenye miamba michache yenye kivuli na unyevu, na msitu ukiondoka juu yao hukauka. Kitalu cha kwanza cha maua hayo kingestahili kuwa Amani, hatua chache kutoka kwenye miamba hiyo.