Mjadala: gravite inatuvuta, ama ni dunia ndiyo inavimba kutufata?

Fundi wa Birere: Wandugu salamu. Mimi si profesa, ni fundi wa simu tu, kwa hiyo munichape lakini munichape na sababu. Shule ilitufundisha dunia inatuvuta. Mie nasema hapana, dunia inavimba! Unaruka, ardhi inakuja juu kukufata, wewe unafikiri umeanguka. Na wanasayansi wenyewe banakubali ulimwengu unapanuka tangu Hubble, yule mwenye kupima nyota, 1929, sasa kama vyote vinapanuka sisi tunabakia namna gani? Muangalie 2021, volkano yetu Nyiragongo ililipuka tarehe 22 mwezi wa tano, barabara za Goma zikapasuka, ufa unaanzia kwa lami unapita chini ya ukuta wa mutu unatokea upande wa pili, tukakimbilia Sake na magodoro kichwani. Kitu chenye kupasuka si ni kile chenye kuvimba?

Dada Majengo: Fundi ameanza tena 😂 Lakini hapo kwa ufa iko na haki kidogo.

Mwalimu Himbi: Hana haki hata kidogo, dada. Ule ufa ni magma, yale mawe yenye kuyeyuka, ilipita chini ya mji kuelekea ziwa Kivu, mawe ya juu yakafunguka. Halafu sisi tunaishi ndani ya bonde la ufa, pande zake mbili zinaachana milimita chache kwa mwaka. Dunia ingekuwa inavimba, kila pahali pangepasuka, hata Kinshasa, na wale nyufa zao ni za mvua.

Sasa kaka fundi, teori haikatazwi ju imetoka kwa fundi. Lemaître alikuwa padri, Mbelgiji, na 1927, mbele ya Hubble, alishaandika kwamba ulimwengu unapanuka na ndiyo maana galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, zinatuacha, Einstein akamukatalia. Lakini padri alileta hesabu. Lete yako. Ardhi ikiongeza mwendo kama kitu chenye kuanguka, mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde, kwa saa moja tu itakuwa imepanda kilomita 63,000 na kitu, wakati kutoka hapa mpaka katikati ya dunia ni 6,371. Utasema kila kitu kinavimba pamoja, hata rula, ndiyo maana hatuoni. Sawa, nakupa hiyo. Basi sayari kubwa itavimba kwa nguvu zaidi, kadiri ya upana wake, si ndiyo? Jupita ni pana mara 11 kuliko dunia, ungepaswa kuwa muzito mara 11 kule. Ni mara 2 na nusu tu. Saturn ni mara 9, na uzito wa kule unakaribia ule wa hapa. Mwezi ni zaidi kidogo ya robo ya upana wetu lakini uzito ni moja ya sita. Newton, kwa hesabu yake ya gravite, anauliza upana na masi (wingi wa vitu vya ndani) pamoja, na sayari zote zinaingia kwa hesabu yake.

Dada Majengo: Sasa mwalimu, kama ulimwengu unapanuka kweli, mbona Goma na Bukavu haziachani? Wenye boti wangeshapandisha bei.

Mwalimu Himbi: Ju kupanuka kule ni kilomita kama 70 kwa sekunde kwa kila miaka ya mwanga milioni 3.26 (mwaka wa mwanga ni umbali mwanga unapita kwa mwaka mumoja). Kwa umbali wa hapa na Bukavu ni kama bure, na mawe yanashikana yenyewe. Hata galaksi ya Andromeda, miaka ya mwanga milioni 2.5, haituachi, inakuja kwetu kilomita 110 kwa sekunde. Karibu, gravite inashinda.

Fundi wa Birere: Sawa, Jupita nitaifikiria usiku. Lakini ile energi nyeusi yenu, munasema ni 68% ya ulimwengu na hakuna mutu anaijua, si nayo ni teori ya fundi?

Mwalimu Himbi: Tofauti ni hii, timu mbili zilipima supanova, nyota zenye kulipuka, zikitafuta kupanuka kunapungua namna gani, 1998 zikakuta kunaongezeka mwendo. Kile chenye kusukuma hivyo ndiyo wakaita energi nyeusi: kipimo kilitangulia, jina likafata. Ukitaka kugombana, gombana pale banagombana wenyewe: ile kilomita 70 nilisema, wenye kupima kwa mwanga wa kale kabisa banapata 67, wenye kupima kwa nyota na supanova banapata 73.

Fundi wa Birere: 67 na 73 ndiyo ugomvi?

Mwalimu Himbi: Ni karibu 9%, na kila upande unasema kosa lake halifiki 2%.

Fundi wa Birere: Basi kuna mutu anadanganya. Nitumie hesabu za hao wa 73, umeme ukirudi nazisoma.